Nusu ya Kulwa

Tuseme mji huo upo, na jina lake tusiulizane. Ulikuwa na jua moja lisilobanduka utosini, hivyo watu wake hawakuwa na vivuli, na ulikuwa na ukuta mmoja uliopita katikati toka mwanzo wa mji hadi mwisho. Ukuta huo ulikata soko, ukakata uwanja wa mpira, ukakata hata nyumba za watu: mume alilala upande huu na jiko lake likabaki upande wa pili, na mke akawa anamrushia chakula juu kwa juu kama anayelisha kuku. Upande mmoja wa ukuta palikuwa na Nyumba ya Mwili. Upande wa pili palikuwa na Nyumba ya Nafsi. Nani aliujenga? Wengine walisema ni matabibu wawili waliogombana wakaapa wasionane tena. Wengine walisema ukuta ndio uliotangulia, kisha watu wakazaliwa hali wameshagawanywa. Walibishana hivyo kwa raha zao, na wakati wanabishana watu walikuwa wanakufa pande zote mbili.

Sheria ilikuwa moja. Mgonjwa hakuruhusiwa kuingia popote na vyote alivyo navyo. Anayekwenda Nyumba ya Mwili aliziacha habari zake langoni. Bi Tausi, mlinzi wa lango, alimfunulia chungu, mgonjwa akakiinamia na kuyasema humo yaliyompata: nani kamfia, nani kamkimbia, nini kinamkosesha usingizi. Chungu kikafunikwa kawa, kikapandishwa rafuni pamoja na vingine, na rafu hiyo ilivuma muda wote kama mzinga wa nyuki. Ndipo mgonjwa akaingia ndani akiwa nyama na mifupa tu, akaitwa kwa kile kinachomuuma. Figo, sogea huku. Goti, zamu yako. Wewe Ini, nani kakuruhusu kukaa hapo?

Anayekwenda Nyumba ya Nafsi, naye, aliuacha mwili. Alikalishwa nyuma ya pazia zito asionekane hata kucha, akaitwa Sauti, akaruhusiwa kusema lolote isipokuwa kutaja kiungo, au maumivu, au dawa. Akitaja, kengele ililizwa na mazungumzo yakafia hapo hapo.

Na saa za pande hizo hazikuwa saa moja. Nyumba ya Mwili ilikuwa kesho daima: njoo kesho, kesho tutaona, kesho majibu yatatoka. Nyumba ya Nafsi ilikuwa jana daima: jana ilikuwaje, na kabla ya jana je? Leo haikuwa na nyumba. Ilibaki pale langoni, kwenye kizingiti cha Bi Tausi, ambapo watu walipita upesi upesi bila kukanyaga.

Katika Nyumba ya Mwili, kwenye kitanda kilichopakana na dirisha, alilala mwanamke aliyeitwa Moyo. Jina lake la kweli lilikuwa Doto. Kabla ya kuwa Moyo alikuwa mshonaji wa mito, mcheshi, mwenye kicheko cha kuwaamsha watoto wa jirani, na alikuwa na pacha aliyemtangulia kuzaliwa, Kulwa, na walifanana hata mama yao aliwafunga uzi mkononi asiwachanganye. Watu wazima na akili zao walimsimamisha njiani wakamwita Kulwa, naye aliitika. Sasa hivi pia, ungemwita Kulwa, angeitika. Hilo lilikuwa sehemu ya ugonjwa wake, lakini kitanda kile hakikuwa mahali pa kulisema.

Daktari Ngwale alikuja, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Kidole kilipoondoka, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Akapandisha mkono, akabonyeza juu ya goti, na huko pia shimo likabaki. Daktari huyu alikuwa mwembamba, mwenye haraka na mwenye huruma ambayo hakujua aiweke wapi, kwa hiyo aliiweka kwenye ukali.

"Moyo, maji yanapanda. Unameza vidonge?"

"Nameza, Daktari."

"Kila unapopewa?"

"Nameza."

"Na chumvi nilikukataza. Usiionje kabisa, unanisikia? Chumvi inayaita maji. Kwako wewe chumvi ni sumu."

Doto aligeuza uso ukutani. Kila aliposikia neno hilo la chumvi, kifua kilimbana zaidi, na daktari aliandika kuwa kifua kimebana, wala hakujua ni yeye aliyekibana. Kulwa alikuwa amekwenda chumvini. Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Sasa mtu aende mbali kote huko, ateseke na jua la huko, arudi na fuko lake kichwani, akute dada yake amekatazwa kuonja? Atashusha mzigo pa nani?

Na kuhusu vidonge, hakusema uongo. Alivimeza. Alivimeza nusu.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana bila hili lingine lote litaonekana wazimu. Watu wa mji huo walikuwa na desturi ya mapacha isiyovunjwa. Chochote anachopewa mmoja, kigawanywe katikati. Ndizi ikatwe. Sabuni ikatwe kwa uzi. Mwenye kula fungu la mwenzake anamwita kaburini, walisema, na mapacha walilelewa na hofu hiyo kabla hawajaota meno. Desturi ya pili ilikuwa ya kuilinda ya kwanza. Pacha mmoja akifa, aliyebaki haambiwi kuwa mwenzake amefariki, asije akamfuata. Anaambiwa, mwenzio amekwenda chumvini. Hakuna anayelia mbele yake. Matanga hayawekwi. Marehemu anazikwa na wanaume wachache waliovaa nguo za shambani, wakirudi wanazungumza habari za mvua. Na aliyebaki, hata awe mtu mzima mwenye akili timamu, hata awe amekwishaliona kaburi bichi nyuma ya nyumba, anatakiwa aseme, sawa, na aendelee kusubiri. Lengo lao lilikuwa jema. Walitaka kumwokoa mmoja kati ya wawili.

Lakini mwili unasubiri vipi? Hilo ndilo swali, na hakuna aliyelipeleka Nyumba ya Mwili wala Nyumba ya Nafsi, kwa kuwa halikuwa la huku wala la kule. Anayesubiri kwa akili anaweza kusahau, akashona mto, akacheka. Mwili hausahau. Mwili ukiambiwa subiri unasubiri kwa kila kitu ulicho nacho: sikio linabaki wazi hata usingizini, mabega yanapanda na hayashuki, tumbo linakataa kujaa kwa sababu yuko mtu hajala, moyo unapiga pigo lake halafu unapiga pigo la mwenzake, ukihofia asije akakuta nafasi yake imejazwa. Moyo wa mtu mmoja ukifanya kazi ya watu wawili, utanenepa, utalegea, na utaanza kuvujisha maji. Maji hayo ni ya kweli. Yanabonyezeka kwa kidole. Anayesema kuwa ugonjwa wa Doto ulikuwa wa mawazo tu alitakiwa aje abebe miguu ile.

Basi kila alipopewa kidonge, Doto alikitia menoni, akakikata katikati, akameza nusu yake. Nusu ya Kulwa aliifunga kwenye pindo la kanga. Daktari alipoona maji hayashuki akaongeza dawa. Doto akaigawanya na ile ya nyongeza. Pindo likawa fundo, fundo likawa kama limau, na alipolala aliliweka chini ya shavu.

*Usiku huu hauishi mchana. Hapana. Mchana huu hauishi. Kulwa, nimekuwekea. Nimekuwekea mkeka upande wa ukutani, upande uupendao, mimi nalala ukingoni nisikuguse. Wananiita Moyo. Je, na wewe huko wanakuita nani? Nikikaa natafuta pumzi. Nikilala natafuta pumzi. Labda unazivuta wewe. Vuta tu, dada. Tulizoea.*

Daktari Ngwale alirudi. Mara hii hakubonyeza mguu. Aliweka sikio la chuma mgongoni mwa Doto, akasikiliza chini, akasikiliza juu, akasikiliza juu zaidi.

"Yamefika mapafuni," alisema. "Yakifika hapa," akajigusa penye mfupa wa shingo, "basi."

"Basi nini, Daktari?"

"Dawa hii ndiyo ya mwisho tuliyo nayo, na imekataa. Nimeiongeza mpaka nikaogopa. Ingekuwa inafanya kazi, sasa hivi ungekuwa unatembea." Alikunja kile chombo chake vibaya, kikamponyoka, akakiokota. "Kesho tunaisimamisha. Hatuwezi kukupa sumu isiyo na faida. Rudi kwenu ukakae na watu wako."

Ndivyo alivyopewa kifo chake, kwa upole, na mtu aliyeamini amejaribu kila kitu.

Alitembea hadi langoni akishika ukuta. Alipumzika, akatembea, akapumzika. Bi Tausi alimwona kwa mbali, akamshushia chungu chake toka rafuni. Alikuwa mwanamke mnene, mkali wa maneno, mwenye kanga iliyofungwa kiunoni kama anayetaka kupigana.

"Haya, chukua habari zako. Chepesi hiki! Uliweka nini humu, pumzi?"

"Niliweka kuwa namsubiri dada yangu."

"Basi?"

"Basi, Bi Tausi. Sina jingine."

Bi Tausi alimtazama miguu, akatazama midomo iliyoanza kuwa ya bluu. Hakuwa mtu wa kujua dawa. Alijua tu kwamba anayetoka kwa kushika ukuta mara nyingi hukutwa amekaa chini mbele kidogo, na hainuki.

"Hufiki kwenu wewe. Pita huu mlango wa pili, ukae angalau. Kule wana viti vizuri. Pita, mwanangu, usibishane na mimi."

Ndivyo Doto alivyoingia Nyumba ya Nafsi, kwa sababu ya kiti. Pazia likashushwa. Nyuma yake alikuwepo Bwana Sefu, msikilizaji, ambaye hakuna mgonjwa aliyewahi kumwona. Walimjua kwa sauti, nzito na ya taratibu. Mkono wake mmoja ulikaa kwenye kamba ya kengele siku zote, kama sheria ilivyotaka.

"Karibu, Sauti. Jana ilikuwaje?"

"Jana nilirudi kutoka sokoni," Doto alisema, na mara ikawa jana kweli. Akaiona nyumba. Akamwona mama yake amesimama mlangoni, macho makavu, mikono imeshika nguzo. "Niliuza mito yote. Nilimnunulia Kulwa kitana. Homa ilikuwa imemshika tangu juzi yake. Nikamkuta mama mlangoni. Akaniambia, mwenzio amekwenda chumvini."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, sawa, mama."

"Ukalia?"

"Nilie nini, Bwana? Aliyekwenda chumvini analiliwa?"

Mji ule ule ulikuwa umemlea Bwana Sefu pia, alijua maneno hayo maana yake nini. Wote walijua. Desturi ile ilisimama kwa sababu kila mtu alijua na hakuna aliyesema.

"Na tangu hapo unamwekea nini?"

"Kila kitu. Wali, nusu. Mkeka, nusu. Sabuni. Kitana natumia meno ya upande mmoja. Na vi..."

Akakatiza. Alikumbuka kengele. Katika ukimya huo Bwana Sefu alisikia kitu ambacho hakutakiwa kukisikia: pumzi za mwanamke yule. Zilikuja fupi, zikigongana, na chini yake kitu kikichemka taratibu kama uji. Pumzi ni mwili. Sheria ilikuwa wazi, avute kamba. Vidole vyake vikakaza. Alipohesabu kichwani sababu za kuvuta, alizipata nyingi, na zote zilikuwa zake yeye: mshahara, heshima, miaka aliyokaa hapo bila kosa. Upande wa pili wa pazia, Doto aliisubiri kengele.

*Avute. Nitoke nikakae chini ya jua. Lakini fundo hili, nani atamshikia? Mama akiliona atalitupa.*

"Bwana," Doto alisema, "mimi nadhani nitaondoka kabla hajarudi. Nina amana yake. Akifika, umpe. Utamjua, yuko kama mimi."

Fundo likasukumwa chini ya pazia. Lilifunguka lenyewe. Vipande vikatawanyika sakafuni upande wa Bwana Sefu: nusu, nusu, nusu, vingine vyeupe, vingine vimeshageuka manjano kwa jasho, kila kimoja na alama ya meno.

Bwana Sefu aliinama na hakuelewa. Kisha akaelewa. Aliiachia kamba. Alifanya jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kufanywa: alilishika pazia kwa mikono miwili akalivuta mpaka pete zake zikakatika. Doto aliona mbele yake mtu wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Naye Bwana Sefu aliona miguu.

"Mama, hivi ni dawa zako?"

"Zangu nimemeza. Hizo ni za Kulwa."

Alimpitishia mkono mgongoni, akamwinua, akamburuta kwa heshima yote aliyoweza hadi langoni, huku akipiga kelele ambazo hakuna aliyedhani anazo. "Ngwale! Daktari Ngwale! Njoo hapa langoni! Njoo sasa hivi!"

Daktari alikuja amekasirika, akasimama upande wake wa kizingiti. "Usinieleze habari za mgonjwa. Hairuhusiwi. Unaijua sheria kama mimi."

"Sikuelezi. Tazama." Bwana Sefu akafumbua kiganja.

Daktari Ngwale alitazama. Akachukua kipande kimoja, akakiinua juani, akakirudisha. Akachukua kingine. Halafu akakaa juu ya kizingiti na koti lake jeupe, palepale watu walipoogopa kukanyaga.

"Nusu," alisema. "Nilikuwa natibu nusu." Kisha hasira ikampanda, akamgeukia Doto. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nameza, Daktari. Nameza."

"Lakini mimi ninge..." Hakumaliza. Alitazama rafu ya vyungu ikivuma, na kile kimoja chepesi kilichoachwa wazi miguuni mwa Bi Tausi. Angeulizia wapi? Alikuwa amekubali kila habari iachwe nje. "Nilisema dawa imekataa," alinong'ona. "Nilimrudisha kwao akafe."

"Hajafa bado," alisema Bi Tausi. "Mnazungumza nini? Mpeni."

Daktari akatoa kidonge kipya mfukoni, kizima. Bi Tausi akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Doto alikuwa amekalishwa chini, ameegemea mhimili wa lango, maji yamemfika karibu na mfupa ule, na kila pumzi ilikuwa kazi ya kuvuta ndoo toka kisima kirefu. Akapokea kidonge. Akakitia menoni. Akakikata katikati.

"Chote," Daktari alisema. "Nakuomba. Umeze chote."

Doto alikitazama kile kipande kilichobaki kiganjani. "Na yeye?"

Daktari hakujua ni nani, na aliposoma uso wa Bwana Sefu akajua, akatazama pembeni. Bi Tausi alishika kiuno. Hata vyungu vilipunguza sauti. Mtu mzima angesema nini? Kumwambia ni kuvunja kilichomshikilia. Kutomwambia ni kumwangalia anazama.

Bwana Sefu alipiga magoti. Kazi yake ilikuwa kuuliza tu, hakujua nyingine. "Doto," alimwita kwa jina, maana anayemfuata Kulwa huitwa Doto, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie lango lile kuitwa hivyo. "Kulwa yuko wapi?"

Doto akafungua mdomo kusema lile analosema siku zote. "Amekwenda..." Pumzi ikakatika. Akajaribu tena. "Amekwenda chu..." Ikakatika tena. Maneno yale yalikuwa marefu. Alikuwa ameyabeba muda wote huo kwa pumzi alizokuwa nazo, na sasa hazikumtosha. Macho yalimtoka kwa hofu. Aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumsaidia kuyamalizia, na hakuna aliyemsaidia. Alibakiwa na pumzi ya neno moja.

"Amekufa," alisema.

Radi haikulia. Ukuta haukuanguka. Ila jua, ambalo halikuwahi kubanduka, lilisogea kidogo upande, na chini ya mhimili wa lango kikaonekana kivuli chembamba kama uzi.

Doto akameza nusu yake. Kisha akakitazama kile cha pili kwa muda. Mwenye kula fungu la mwenzake anamwita kaburini, lakini Kulwa alikuwa tayari huko, nyuma ya nyumba, tangu siku ya kitana. Akakitia kinywani, akanywa maji. Kilikuwa kichungu. Hakuwahi kugundua kuwa dawa ile ni chungu.

Mkono wake ulikuwa mtupu sasa. Alipouona mtupu hivyo, sauti ikamtoka, sauti ndefu, mbaya, isiyo na adabu, ambayo mama yake aliizuia mlangoni. Bi Tausi akajitupa chini, akamkumbatia na kulia naye kama walivyostahili kulia tangu mwanzo. Bwana Sefu alivua miwani. Daktari Ngwale hakuwahi kuona hili likifanywa mbele yake, maana kwake liliachwa nje kila siku. Alimshika Doto kifundo cha mkono, akahesabu mapigo wakati analia. Hakumwambia anyamaze.

"Kesho nita..." alianza, kwa mazoea. Akaacha. Akatazama kile kivuli. "Jioni nitakuja kukutazama miguu. Leo jioni."

Doto aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamemshuka mashavuni hadi pembeni mwa mdomo, na ulimi ukayafikia kabla hajayafuta. Akatulia. Akayaonja tena, makusudi.

"Daktari," alisema, "ni chumvi hii."

Daktari Ngwale, aliyemkataza, hakuuachia mkono wake.

"Hiyo," akasema, "onja."